Muhuri wa Zambarau

Fomu imekuja kwa barua pepe kutoka makao makuu.
Jina. Cheo. Ujuzi ulio nao kwa zama hizi.
Kisanduku cha ujuzi kinameza herufi sitini,
zaidi ya hapo kinafumba mdomo kama mtoto aliyeshiba.

Jina ni rahisi: Anyosisye Mwaisumo,
kituo cha Mbeya, Forest ya Zamani,
chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya bahasha.
Cheo ndicho kimenihangaisha.
Niliajiriwa Karani wa Vifurushi.
Zikaja kaseti, nikawa Msambazaji.
Zikaja sidii, nikabaki Msambazaji bila nyongeza ya senti.
Mwaka juzi wakanibatiza Mwezeshaji wa Mtandaoni,
wakanipa kompyuta mpakato na semina ya siku mbili
yenye soda, sambusa na cheti.
Muhuri hawakuuliza. Nikaenda nao nyumbani.

Ujuzi.
Nilizijua kazi za wanafunzi kwa pua.
Karatasi za Tukuyu zilifika zimelowa pembeni,
wino umetambaa, kila jibu limeota ndevu.
Za Kyela kurasa zimegandana kwa jasho.
Za Makete zilinuka moshi wa jiko la ndani,
na ukifungua za Mafinga, unga wa mbao ulimwagika mezani.
Lutengano Sanga wa Bulongwa
aliandika jibu la nne mara mbili, akayafuta yote mawili,
chini akaomba radhi: mwanangu anaumwa.
Nikagonga: IMEPOKELEWA.
Sikuwa msahihishaji, sikuwa na haki ya kuongeza neno.
Lakini niligonga taratibu.

Sasa kazi zinaingia usiku bila kupiga hodi.
Mtambo unazisahihisha kabla chai haijapoa,
na huku kwetu chai hupoa upesi,
hasa Juni, Loleza akiwa amejitanda ukungu hadi shingoni.
Gwamaka, kijana wa tehama, ananiambia,
"Mzee, wewe tazama taa tu.
Ya kijani, sawa. Nyekundu, nipigie."
Baada ya miaka thelathini na mmoja, mtazama taa.

Sikatai, bahasha zilipotea.
Gunia zima lililala Makambako hadi muhula ukaisha,
watu arobaini wakarudia mwaka kwa sababu ya gunia.
Siyalilii magunia.

Ila wiki jana, taa nyekundu.
Mtihani wa mdomo. Ezelina Tweve, muuguzi, Makete.
Mtambo umeandika: Kelele za nyuma. Jibu halikutambulika.
Badala ya kumpigia Gwamaka, nikavaa visikilizio.

Ananong'ona. Yuko zamu ya usiku.
Anaeleza namna ya kupanga bajeti ya zahanati
huku mvua inapiga bati,
mvua ile ile iliyokuwa ikinilowesha karatasi.
Kisha mtu anaguna, anaguna tena,
na Ezelina anasema, "Samahani, subiri kidogo."
Anamwambia nani? Mtambo? Mimi?
Viatu vinaondoka mbio.
Dakika tisa. Maji. Bakuli linaanguka sakafuni.
Halafu kilio kipya kabisa, chenye hasira ya aliyeamshwa,
na mwanamke anacheka kwa kuchoka.
Viatu vinarudi.
"Naendelea. Hoja ya tatu."

Nimesikiliza mara mbili.
Nikawaandikia walimu: jibu lipo,
lianzieni pale viatu vinaporudi.
Bado hawajanijibu.

Jana nimemkuta mjukuu wangu Ipyana
kagonga IMEPOKELEWA kwenye maparachichi yote ya kikapuni
na kwenye goti lake mwenyewe.
Sikumkemea. Nilimwambia tu wino unakaribia kwisha.

Fomu bado iko wazi.
Nimeandika: Nasikia kelele za nyuma.
Zimebaki herufi thelathini na sita.
Sijui niweke nini humo.